"Niache peke yangu": kisa cha wanandoa ambao mmoja wao ana Asperger

Kisa hiki nimekifuata kwa miezi 17, nikiwa mshauri wa wanandoa hawa. Asperger ni jina la zamani la aina mojawapo ya usonji, hali inayoanza utotoni na kugusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Wenyewe wameridhia kiandikwe na wamekisoma kabla ya mtu mwingine yeyote. Mume alisahihisha sehemu tatu, zote za hesabu na tarehe. Mke alifuta aya moja, nami sikumuuliza kwa nini. Sitawapa majina, hata ya kubuni, na yale ambayo yangeweza kuwatambulisha nimeyaacha.

Walivyokuja

Mke ndiye aliyetafuta msaada. Alikuwa na miaka 34, mume 37. Walikuwa na miaka 4 ya ndoa, na kabla yake uchumba wa mwaka mmoja na nusu. Siku ya kwanza mke alinisalimu, akaniuliza habari za kazi, akaketi. Mume aliketi bila salamu, akaitazama saa ya ukutani, akasema: "Tuna dakika 50. Aanze yeye, kwa kuwa ndiye mwenye malalamiko." Mke alinitupia jicho la kuniambia, umejionea mwenyewe.

Nami nikajionea. Niliona mwanamume mkavu, mwenye kiburi kidogo, aliyeletwa kwa kuburutwa. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa la kwanza katika kisa hiki halikuwa la mume wala la mke. Lilikuwa langu, na nitalifikia.

Malalamiko ya mke yalikuwa mengi, ila alikuwa ameyapanga vizuri, kama mtu aliyeyarudia moyoni usiku mwingi. Mume hampigi, hamtukani, hatoki nje ya ndoa, kila kinachohitajika nyumbani kipo. "Lakini naishi na mpangaji mwenzangu," alisema. Akimwambia amechoka, anajibiwa akalale. Akimpapasa mkono, mume anaruka kama aliyeunguzwa. Wageni wakishaondoka, mume ananuna hadi kesho yake bila kusema amekosewa nini. Na wakati wa uchumba hakuwa hivyo kabisa: alikuwa akimwandikia kila siku, akikumbuka kila alichoambiwa, hata jina la mwalimu wake wa darasa la pili.

Kisha akafika kwenye usiku ule.

Ilikuwa miezi 8 kabla ya kuja kwangu. Saa nne usiku simu ililia, akaambiwa mdogo wake wa kiume amefariki katika ajali. Alianguka chini akilia. Mume alikuja akasimama mlangoni. Maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Mazishi ni lini?"

Hakusema pole. Mke alilirudia hilo mara mbili. Hata pole tu, neno ambalo mtu humpa yeyote aliyejikwaa, hakulisema. Akampigia kelele: "Toka! Niache peke yangu!" Mume akatoka, akafunga mlango, na hakurudi hadi asubuhi. Kulipokucha mke alikuta mizigo imefungwa, kazini kwake wameshaarifiwa na usafiri umeshapangwa. Alisafiri kumzika mdogo wake akiwa amekaa kando ya mtu ambaye, kwa maneno yake, alikuwa ameshamzika naye pia.

Nikamgeukia mume nikamuuliza alijisikiaje usiku ule. Alifikiri kwa muda mrefu, macho kwenye zulia. "Sijui," akasema. Kwenye daftari langu niliandika neno moja: anakwepa.

Kosa langu

Katika ushauri wa wanandoa kuna mazoezi tuliyozoea kuyatoa bila kufikiri sana, kwa sababu huwasaidia wengi. Mojawapo ni kuwaketisha wawili uso kwa uso, watazamane machoni, kila mmoja aseme anachohisi wakati huohuo. Niliwapa hilo katika kikao cha tatu.

Mume alijitahidi. Alimkazia mkewe macho bila kupepesa, jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso, kisha akasema sentensi mbili zilizosikika kama zimetolewa kwenye kadi ya salamu. Mke akaanza kulia, kwa sababu hata yeye alisikia kwamba maneno yale hayakuwa ya mtu. Nikamsihi mume aendelee, "aseme kutoka moyoni". Akanyamaza. Hakukasirika wala hakuondoka. Alinyamaza tu, na hakusema neno tena hadi muda ukaisha. Kikao kilichofuata hakuja.

Alichotuma badala yake ni barua ya kurasa nne, kila aya ikiwa na namba. Hadi leo naihesabu kuwa ndiyo maandishi yaliyonifundisha zaidi katika kazi hii. Aya ya 3 ilisema: "Ukiniambia nimtazame machoni, kazi yangu yote inakuwa kutazama. Maneno yanapotea. Nikitazama chini ndipo nasikia." Aya ya 5: "Mkiniuliza nahisi nini, ni kama kuniuliza rangi ya kitu kilichomo kwenye sanduku lililofungwa. Najua kuna kitu, kina uzito. Rangi siioni. Nikisema sijui, nimesema kweli." Aya ya 7 ilieleza kwamba hukata lebo kwenye kola za nguo zake zote, kwamba taa fulani humuumiza kichwa, na kwamba watu watatu wakizungumza kwa pamoja hasikii hata mmoja. Aya ya 8 ilisema kwamba akiwa na miaka 9 alijua kwa majina miezi yote ya sayari ya Zohali iliyokuwa ikijulikana wakati huo, na hakuwa na rafiki hata mmoja.

Nilipomaliza kuisoma nilirudi kwenye daftari nikalikata lile neno nililoandika.

Mimi si mtu wa kupima na kutoa majibu ya hali za aina hii, nami niliwaambia hivyo. Niliwapeleka kwa mwanasaikolojia anayefanya uchunguzi wa watu wazima. Ulichukua vikao vitatu, na mama mzazi wa mume alihojiwa kuhusu utoto wake, kwa sababu hali hii huanza utotoni hata kama hutambuliwa mtu akiwa na mvi. Jibu lilikuwa usonji, bila upungufu wa akili, bila historia ya kuchelewa kuzungumza. Mwanasaikolojia aliongeza kwa mdomo kwamba miaka michache nyuma angeandika Asperger.

Jina lenyewe

Mume alifanya alichokuwa akifanya na kila jambo lililomshika: alilichimba. Alikuja na historia nzima. Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna, Austria, aliwaeleza wavulana wa aina hiyo katika andiko la mwaka 1944. Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, ndiye aliyelitumia jina lake katika makala ya mwaka 1981, na hapo ndipo lilipoenea. Liliingia katika mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1994 na likaondolewa mwaka 2013, hali hiyo ikahesabiwa ndani ya wigo mmoja wa usonji. Shirika la Afya Duniani nalo lilifanya hivyo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022.

Siku mbili baadaye alisema hatalitumia jina hilo tena. Alikuwa amesoma utafiti wa mwanahistoria Herwig Czech uliochapishwa mwaka 2018, unaoonyesha kwamba Asperger alishiriki kuwapeleka watoto wenye ulemavu Am Spiegelgrund, kituo cha Vienna ambako mamia ya watoto waliuawa wakati wa utawala wa Wanazi. "Sitaki kuitwa kwa jina lake," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikitetemeka.

Mke ameendelea kulitumia. Anasema akiwaambia ndugu kwamba mumewe ana usonji, wanamwona mtoto asiyezungumza, na wanamwambia haiwezekani, mbona ana kazi na ana mke. Akisema Asperger wanakaa kimya na kumsikiliza. Mabishano yao juu ya hili hayakwisha, nami sikuona sababu ya kuyamaliza. Katika andiko hili natumia majina yote mawili.

Daftari la uchumba

Kabla ya kuurudia usiku ule, kuna hili la uchumba, kwa kuwa ndilo lililomfanya mke ajione amelaghaiwa. Aliolewa na nani? Aliyekuwa akiandika kila siku alikwenda wapi?

Mume alijibu bila kujua kwamba jibu lake lingeuma. Wakati wa uchumba alikuwa na daftari. Kabla ya kila miadi aliandika mambo matano ya kuzungumza na maswali matatu ya kuuliza, na baada ya miadi aliandika alichojibiwa ili asisahau. Walikuwa wakikutana saa mbili au tatu, naye aliweza kuziandaa. "Baada ya ndoa tukawa pamoja kila siku," alisema. "Siwezi kuandaa mazungumzo ya nyumba nzima."

"Kwa hiyo ulikuwa unaniigizia," mke akasema.

Watu wengi wenye usonji, hasa waliofika utu uzima bila kutambuliwa, hujifunza kujificha: kuiga mwendo wa mazungumzo ya wengine, kulazimisha macho, kucheka wenzao wakicheka. Kazi hiyo huchosha mno, na nyumbani ndipo mtu anapoivua, kama anavyovua viatu. Kwa mwenza aliyependa kile alichokiona, kuvuliwa huko hufanana na upendo kuisha. Nilimweleza mke hivyo. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: sasa yeye alimpenda nani, mtu au daftari?

Nadhani swali lile ni la haki. Sikutaka kulifunika kwa maelezo ya kitaalamu. Nilichokiona, na nikamwambia, ni kwamba mtu hamwandalii maswali matatu kabla ya kila miadi, kwa mwaka mmoja na nusu, mtu asiyemjali. Mazungumzo yaliandaliwa, hamu ya kuwa naye haikuandaliwa. Alikubali nusu. Nusu nyingine aliniachia.

Saa kwa saa

Katika mwezi wa tano nilibadilisha mpangilio wa chumba. Viti viliwekwa ubavu kwa ubavu, vikielekea dirishani, kila mmoja na karatasi yake. Niliwaomba waandike usiku ule wa msiba, saa kwa saa, walifanya nini na walikuwa wapi. Sikuuliza hisia.

Mke aliandika nusu ukurasa. Mume aliandika jedwali. Mke ndiye aliyelisoma kwa sauti, akafika mahali akasimama. Nanakili kama lilivyo:

"4:20 simu. 4:30 ameniambia nimwache peke yake. 4:31 hadi 11:45 nimekaa kwenye korido, mgongo kwenye mlango. 7:10 ameacha kulia. 8:00 ameanza tena. 9:30 kimya, nimesikia anapumua. 11:45 nimeamka kufunga mizigo."

"Ulikuwa pale?" mke akauliza.

"Ndiyo."

"Usiku kucha?"

"Hadi saa kumi na moja na dakika 45."

"Mbona hukuingia?"

"Ulisema nikuache peke yako."

"Na miezi yote hii mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Kivuli cha mtu kinaonekana chini ya mlango."

Nilitarajia mke alie, au amshike mkono. Alikasirika. Alikasirika kuliko siku zote nilizomwona. Alisema usiku ule alikuwa amegeukia ukutani, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetazama chini ya mlango siku ambayo mdogo wake amekufa. Alisema korido haikumfaa kitu, alihitaji mkono. Mume alisikiliza, kisha akauliza, kwa utaratibu wake: "Uliposema nikuache, ulitaka niingie?" Mke akasema ndiyo. Mume akasema: "Mimi siwezi kujua kwamba niache maana yake ni njoo."

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na nimekaa napo sana.

Neno "niache" katika kinywa cha mtu mwenye uchungu mara nyingi huwa ombi la kubembelezwa. Sisi tulio wengi tunalijua hilo bila kufundishwa, kwa sababu tunasikia sauti, tunaona mabega, tunajumlisha. Mwenye usonji anaweza asivijumlishe, au avijumlishe kwa kuchelewa, kwa hiyo anashika kile kilichosemwa. Wataalamu hutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayaita huruma: kutambua anachopitia mwenzako bila kuambiwa, na kuguswa na anachopitia ukishakijua. La kwanza ndilo linalowawia vigumu wengi wenye usonji. La pili wengi wao wanalo, na wengine linawazidi nguvu. Mume huyu aliguswa hadi akakaa sakafuni zaidi ya saa saba akihesabu pumzi za mkewe. Alichokosa ni njia ya kujua kwamba mlango ungefunguka kama angeusukuma.

Na ile pole? Nilimuuliza. Alijibu kwamba mchana wa siku ileile mke alijikata kidole, naye akamwambia pole. "Nikaona siwezi kumpa neno lilelile kwa kifo cha mdogo wake. Ni dogo mno. Nikatafuta jingine, sikulipata." Akauliza mazishi ni lini kwa sababu mke huchukia kuchelewa, na alitaka kuanza kupiga hesabu za safari ili mke asifikirie chochote. Tangu aliponieleza hivyo, kila ninapolitamka neno pole linanipitia mdomoni kwa namna nyingine.

Kuna na jambo la "sijui". Hali ya mtu kushindwa kuzitambua na kuzitaja hisia zake mwenyewe ina jina, aleksithimia, lililotolewa na daktari wa akili Peter Sifneos katika miaka ya 1970. Si usonji, lakini uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta karibu nusu ya watu wenye usonji wanayo, wakati kwa wasio na usonji ni takriban watu 5 kati ya 100. Nilipoacha kumuuliza mume anahisi nini, nikaanza kumuuliza mwili wake ulikuwaje, majibu yalikuja. Baada ya msiba mikono ilikuwa baridi kwa wiki tatu. Chakula hakikupita. Alikuwa akienda kwenye sanduku la vifaa ambavyo yeye na shemeji yake walikuwa wakivitumia kutengenezea redio, analifungua, analifunga. Mke alikuwa akimwona na alidhani anatafuta bisibisi. Alikuwa akiomboleza, na hakuna aliyempa pole, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakujua.

Hili linanileta kwa Damian Milton, mtaalamu wa sosholojia ambaye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 alisema kwamba tatizo la kutoelewana lina pande mbili: mwenye usonji hamsomi asiye nao, na asiye nao hamsomi mwenye usonji, ila lawama huenda upande mmoja. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walilipima kwa kuwapa watu hadithi waipokezane mmoja hadi mwingine. Wenye usonji watupu waliipokezana vizuri sawa na wasio na usonji watupu. Ilipotea zaidi pale makundi yalipochanganywa. Katika nyumba hii mume hakuisoma "niache", na mke hakulisoma sanduku la vifaa.

Yaliyobadilishwa

Sitaorodhesha mbinu. Nyingine zilikuwa rahisi na zilikwisha katika wiki mbili. La kuguswa, kwa mfano: mguso mwepesi ulikuwa unamuuma mume kwelikweli, kama kukwaruzwa, lakini mkono uliotulia na kukandamiza ulimtuliza. Mke hakuwa amewahi kuambiwa, na miaka 4 alikuwa akijiona hatamaniki. Sentensi moja ilitosha. Ninapofikiria machozi yaliyomwagika kwa kukosa sentensi hiyo moja, nasikitika.

La kununa lilichukua muda zaidi, kwa sababu mke alikuwa na uhakika anajua kununa ni nini. Kimya cha mume baada ya wageni kilikuwa mwili uliojaa sauti na sura hadi ukafunga mlango wake. Mume alikiita kuzima. Tulikubaliana kwamba akikaribia hapo atasema "nazima, narudi saa fulani," na saa hiyo arudi. Kurudi ndiko kulikokuwa sharti. Ruhusa ya kuondoka bila wajibu wa kurudi ingemwacha mke pale alipokuwa. Mara mbili mume hakurudi kwa saa aliyoitaja, na mara zote mbili nilisimama upande wa mke.

Gumu kuliko yote lilikuwa kuomba. Nilimtaka mke aache kusema "nimechoka" akitarajia mume ajue, aseme: nakuomba ukae nami dakika 10, usinipe ushauri. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Mke alirudi akiwa amevunjika moyo. "Nimempata, lakini nimemwagiza kama bidhaa. Kwa nini nimfundishe mtu kunipenda?"

Vitabu vingi vya ushauri hulipita swali hili haraka, kana kwamba mwenza akishaelewa hali ya mwenzake basi uchungu unaisha. Hauishi. Kutafsiri kila kitu ni kazi, na kama anaifanya mmoja tu inamla. Mke alikuwa amesoma mahali kwamba wake wa wanaume wenye Asperger wana ugonjwa wao, unaopewa jina la Kasandra, yule wa hekaya za Wagiriki aliyesema kweli asiaminiwe. Hakuna mwongozo wa uchunguzi unaoutambua kama ugonjwa, na maandishi mengi yanayoueneza yanamfanya mume kuwa jiwe. Lakini nilikataa kumwondolea mke upweke wake kwa sababu tu jina alilopewa halikuwa sahihi. Upweke ulikuwepo. Alilala nao.

Tulichofanya ni kugawa kazi. Mke ataomba kwa maneno kamili. Mume, kwa upande wake, atauliza bila kuombwa: kila usiku saa tatu atakaa na mkewe dakika 20, atauliza maswali mawili, atasikiliza. Akaweka kengele kwenye simu. Mke ilimkera. Kengele inalia, mume anafunga kompyuta, anakuja. "Ni upendo wa kengele," alisema. Mume hakuelewa kosa liko wapi. "Vitu nisivyovijali siviwekei kengele," alimjibu.

Sikuamua kati yao, na sitaamua hapa. Kuna wanawake ambao kengele ile ingewatosha, na kuna ambao ingewaua polepole, na wote wawili wana haki. Mke alikaa nayo miezi mitatu. Mwezi wa nne mume alisafiri kikazi, na saa tatu usiku simu ya mke ikaita. Tangu hapo hajailalamikia tena, ingawa hajasema anaipenda.

Mpaka

Kuna siku mume alitaka kuitumia hali yake kama ngao. Mke aliomba asiseme mbele ya ndugu kwamba mapishi yake yana kasoro. Mume akajibu kwamba ndivyo alivyo, ana usonji, anasema kweli. Nilimkatiza. Asichoweza kukijua hadi aambiwe si kosa lake. Ameshaambiwa, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba hili linaumiza. Akiendelea, anachagua. Alifikiri, akasema: "Ni sawa. Nimepewa kanuni." Hakurudia.

Kipimo hicho nimekitumia katika visa vingine: mtu akielezwa waziwazi, bila mafumbo, anajaribu? Huyu alijaribu. Asingejaribu, ningemwambia mke mambo mengine. Na pale penye kipigo, vitisho, au mwenza kunyimwa pesa na kuzuiwa kuwaona ndugu zake, Asperger haielezi chochote. Wapo watu wengi sana wenye usonji wasioweza hata kumnyanyulia mtu sauti. Ukatili unahitaji msaada wa aina nyingine, na haraka.

Mwezi wa 16

Miaka 2 ya msiba ilipokaribia, mke alisema katika kikao kwamba anaiogopa siku hiyo. Mume alitoa daftari. Mke alilitazama, kisha akaanza kusema taratibu, kama anayemwandikisha mtoto imla. "Siku hiyo nitalia. Nikisema niache, usiniache. Ingia."

"Nikae wapi?"

"Kitandani. Kushoto kwangu."

"Niseme nini?"

Mke alifikiri. "Usiseme kitu."

"Mkono?"

"Begani. Ukandamize."

Mume aliandika yote, akayasoma kwa sauti ili mke ahakikishe, akapiga mstari chini ya neno ingia.

Mke alinipigia simu siku tatu baada ya tarehe yenyewe. Alilia, akasema niache, kwa makusudi au kwa mazoea, hajui. Mume aliingia. Alikaa kushoto, akaweka mkono begani, akaukandamiza, na hakusema neno kwa karibu saa nzima. Kisha akalitaja jina la mdogo wake mke. Hilo halikuwa kwenye daftari. Alilitaja, akasema kuna redio moja waliianza pamoja na haijaisha, na hajui afanye nini nayo.

Aliniambia pia kwamba wiki iliyotangulia hawakusemeshana siku mbili kwa ajili ya wageni, na kwamba kuna asubuhi bado anaamka akiwaza angekuwa na mume wa aina gani kama si huyu. Akauliza kama Alhamisi saa kumi bado nina nafasi. Nilimwambia ipo, waje wote wawili, na redio waje nayo.